Hesabu ya Mlango wa Chini

Mkabala na mlango wa chini wa hospitali ya wazazi, ukuta wa ghala kuukuu hutoa kivuli kinachotosha watu sita na birika moja. Chini ya kivuli hicho lipo benchi la mbao lisilo na mwenyewe, ila lina wenyewe. Wa kwanza kwa haki ni Soli, fundi viatu, maana meza yake ya kazi imeegemezwa ubavuni mwa benchi na hakuna anayekumbuka kipi kilitangulia. Wa pili ni Nakala Tatu, karani mstaafu wa ofisi ya vizazi na vifo, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakumkubali binadamu yeyote kuwa amezaliwa mpaka alete fomu tatu zinazofanana. Wa tatu ni Breki, dereva wa pikipiki aliyepewa jina la kitu asichokitumia. Na pembeni, juu ya kigoda chake, hukaa Bibi Birika, muuza kahawa, ambaye husikia yote na husema machache. Asubuhi hiyo Soli alikuwa ameshona soli moja mara tatu na kuifumua mara tatu, kwa sababu binti yake alikuwa ndani ya jengo lile tangu alfajiri, na uchungu ulikuwa haujaamua.

Juu ya ukuta, nyuma ya vichwa vyao, ilikuwepo Hesabu. Iliandikwa kwa mkaa, safu mbili: WENYEWE na KISU. Kila mwanamke aliyetoka mlango wa chini na kichanga alikaguliwa kwa mwendo wake. Akitembea ameninginiza mikono, kistari kimoja upande wa WENYEWE. Akitembea ameinama, kiganja tumboni, hatua kama za mtu anayepita juu ya mayai, kistari upande wa KISU. Kazi hiyo walijipa wenyewe miezi mitatu iliyopita, siku lilipobandikwa getini tangazo lililosema kwamba kiwango cha kujifungua kwa upasuaji kimepanda hadi akina mama thelathini na wanne katika kila mia. Kwamba lengo la robo ijayo ni ishirini na watano. Na kwamba wajawazito wote wanaombwa kutoa ushirikiano.

— Tangazo halina namba ya kumbukumbu, alisema Nakala Tatu siku ile. Karatasi isiyo na namba ni uvumi uliogongwa muhuri.

Basi wakahesabu wao. Na asubuhi hii Hesabu ilikuwa imefika mahali pa kujivunia: KISU mia mbili na kumi na wanne, WENYEWE ishirini na watatu.

— Tisa kwa kumi, alisema Nakala Tatu, akivua miwani ili ashangilie vizuri. Wao wanasema thelathini na nne kwa mia, sisi tunasema tisini. Wamekamatika! Barua ya malalamiko nimeshaianza. Nakala ya kwanza wizarani, ya pili kwa mganga mkuu, ya tatu kwenye jalada langu.

— Jalada lako liko wapi siku hizi? aliuliza Breki.

— Chini ya kitanda. Lakini lina namba.

Soli alicheka kidogo, macho yakiwa getini. Alfajiri ile, kabla mke wake hajaingia na binti yao, alikuwa amewaambia wote wawili kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi ukutani: "Wakileta fomu, msikubali. Tisa kwa kumi wanakatwa bure hapa." Binti alikuwa amekatwa kwa mtoto wa kwanza. Safari hii daktari alikubali ajaribu njia ya kawaida, na binti akataka hivyo kwa moyo wote. Mumewe alikuwa safari ya kikazi, mbali, kwa hiyo baba ndiye aliyebaki kuwa mshauri, na baba alikuwa mshauri wa kila kitu.

— Lakini sababu ni nini hasa? aliuliza Breki, akipuliza kahawa yake. Mama yangu kanizaa mimi na wenzangu wanane, hakuna aliyepita dirishani.

— Saa za kazi, alisema Nakala Tatu papo hapo, maana alikuwa akilisubiri swali hilo tangu kustaafu. Nilipoanza kazi, daftari la vizazi lilikuwa na saa zote. Saa nane za usiku, saa kumi na moja alfajiri, sikukuu, Jumapili. Nilipostaafu, watoto walikuwa wanazaliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mapumziko ya chakula katikati. Mtoto amekuwa mtumishi wa umma, ndugu zangu.

— Na wa Jumapili?

— Wapo, ila ndio wale watakaokuja kukupa shida shuleni.

— Hapana, mzee wangu, alisema Breki. Sababu ni lami. Zamani mjamzito alirushwarushwa njiani, akifika hapa mtoto naye ameshafika. Sasa hivi barabara laini, mtoto analala fofofo. Mimi nimewashusha hapa getini wanawake saba waliojifungua ndani ya nusu saa, na siri ni moja: nilipita njia ya mashimo makusudi.

— Siku moja utakamatwa, alisema Bibi Birika.

— Bibi, mimi ni huduma.

— Watoto wenyewe wamekuwa wakubwa, akaongeza bibi. Na mama zao siku hizi wanaanza kuzaa wakiwa na miaka ambayo mimi nilikuwa nacheza na wajukuu.

Ilikuwa sababu ya maana, kwa hiyo hakuna aliyeishughulikia.

— Na simu, alisema Breki, sasa amesimama. Nisikilizeni. Mtoto yuko tumboni miezi tisa, anasikia kila kitu. Anamsikia mama yake kutwa: "Niko njiani, nakaribia, niko hapo kona." Na mama yuko kitandani, hajavaa hata viatu! Mtoto anajifunza. Siku ikifika anaitwa, na yeye anajibu hukohuko ndani: "Niko njiani." Saa sita, saa kumi, yuko njiani. Daktari afanye nini? Anamfuata nyumbani kwake.

Hata Soli alicheka hiyo. Nakala Tatu hakukubali kushindwa na mtu asiye na jalada.

— Karatasi! Mama akijifungua kawaida, daktari anajaza mstari mmoja. Akimpasua, anajaza kurasa nne, sahihi tano. Niambieni, ni nani aliyewahi kupandishwa cheo kwa mstari mmoja?

— Nyote mnapapasa, alisema Soli.

Alisema kwa upole wa mtu anayejua. Akainua sandali moja kutoka kwenye rundo, akaigeuza.

— Mimi nimeshika viatu vya watu kwa miaka ishirini na sita. Soli haidanganyi. Tazameni hii, imelika upande wa nje, kisigino kimelala. Mwenye kiatu hiki nyonga zimepinda. Huyu, kwa mtoto, ni kisu. Sasa ikilika sawasawa, pande zote, njia iko wazi. Mwanamke siku hizi anatembea vibaya kwa sababu ya viatu vya kiwandani, nyonga zinakwenda upande, mtoto anafika mlangoni anakuta fremu imepinda. Binti yangu nilikagua viatu vyake juzi. Sawasawa kabisa. Ningeweza kupigia rula. Nikamwambia: mwanangu, wewe utazaa mwenyewe, hata daktari akienda likizo.

— Ulimwambia hivyo? aliuliza Bibi Birika.

— Nilimwambia.

Bibi alimtazama, akafunika birika.

Wakati huo alikuja mwanamke kijana kutoka upande wa juu wa barabara, hatua za haraka, kichanga kifuani ndani ya shuka jeupe, sandali moja mguuni na nyingine mkononi.

— Shikamooni, wazee. Fundi, ukanda umenikatikia pale ngazini. Unaweza kunishikizia nifike nyumbani?

— Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, kaa. Hongera! Wa lini huyu?

— Jana asubuhi.

Breki alikuwa ameshaokota mkaa.

— Dada, umetembea vizuri sana, tunakuandika WENYEWE. Lakini mbona hatukukuona ukitoka? Sisi hatupitwi na mtu.

— Nimetokea mlango wa juu.

— Mlango gani wa juu?

— Wa kule nyuma, kwenye ngazi. Sisi wote wa kawaida tunatolewa kule. Huku chini ni kwa waliopasuliwa, kwa sababu hakuna ngazi. Nesi anasema nyuzi hazitaki ngazi.

Breki alibaki na mkaa hewani. Soli, ambaye mikono yake hufanya kazi hata kichwa kikigoma, alikuwa ameigeuza sandali ya yule mwanamke. Ililika upande wa nje. Kisigino kililala kama mlevi.

— Umejifungua kawaida? aliuliza, taratibu.

— Saa mbili tu, namshukuru Mungu. Wakunga wenyewe walishangaa.

Aligeuza shingo akautazama ukuta, vile vistari mia mbili na kumi na vinne upande mmoja, ishirini na vitatu upande wa pili. Kisha akawatazama wanaume wale watatu, mmoja baada ya mwingine, bila ubaya wowote.

— Sasa nyie hapa mnahesabu nini?

Nakala Tatu alivaa miwani. Akaivua. Breki alikaa chini. Wale ishirini na watatu, kumbe, walikuwa watu waliopotea njia. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwe benchi, ilisikika kahawa ikipoa.

Soli ndiye aliyefahamu kabla ya wenzake. Kwao ilikuwa hesabu ya ukutani. Yeye alikuwa ameituma ndani ya lile jengo.

Hapo ndipo mke wake alipotoka mlango wa chini. Simu hazikuruhusiwa leba, kwa hiyo alikuja kwa miguu, akivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, khanga imemteleza begani.

— Baba watoto, inuka. Mapigo ya mtoto yanashuka. Daktari kaleta fomu, anataka sasa hivi.

— Asaini basi!

— Hataki. Anasema baba alisema wanakata watu bure. Anasema viatu vyake viko sawa. Mkunga anamuuliza, viatu gani? Anasema hatasaini mpaka baba mwenyewe aseme.

— Mama watoto, mimi...

— Wewe una ukuta wako, alisema mke wake, na sasa sauti yake ilishuka badala ya kupanda. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza. Yule wetu wa kwanza. Siku mbili nilikuwa nimelala kule, hapakuwa na daktari, hapakuwa na kisu, hapakuwa na hiyo fomu mnayoipigia kelele. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Yule umemwandika safu gani?

Soli aliinuka na aproni yake, na sindano ya kushonea viatu mkononi, akakimbia.

Getini kulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na daftari.

— Mzee, simama. Saa za kutazama wagonjwa ni saa kumi. Na wanaume leba hawaingii. Na kila anayeingia anaandika: jina, anakotoka, saa, sababu, sahihi.

— Binti yangu yuko...

— Sababu utaiandika kwenye sehemu ya sababu.

Kishindo kikasikika nyuma. Alikuwa Nakala Tatu, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, na ambaye hata sasa mbio zake zilikuwa za mtu anayewahi kufunga ofisi. Alilishika daftari kwa mikono miwili kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake.

— Nitamwandikia mimi! Kijana, daftari hili lina kasoro. Iko wapi safu ya "saa ya kutoka"? Nani aliidhinisha mpangilio huu? Hebu nipe kalamu. Sikia, jina nitaanza na la ukoo au la kwake? Maelekezo hayasemi! Nionyeshe waraka.

Mlinzi aliinama kutafuta waraka. Kwa miaka thelathini na moja Nakala Tatu alikuwa amechelewesha watu kwa karatasi. Siku ile kwa mara ya kwanza alimwahisha mtu. Mlinzi alipoinua kichwa, Soli alikuwa ameshapita korido ya kwanza, mke wake nyuma yake akimwelekeza: kushoto, moja kwa moja, mlango wa kijani.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa. Soli aliupiga kwa kiganja, akaweka mdomo kwenye ufa.

— Mwanangu! Saini!

Kisha sauti ya binti yake, imechoka, imekauka, lakini ya kwake.

— Baba?

— Saini, mwanangu! Hesabu tulikosea! Tulikuwa tunahesabu mlango mmoja!

— Na viatu?

— Viatu ni viatu tu, mama! Mimi ni fundi viatu! Msikilize daktari!

Mlango ulifunguka robo, ukatokea uso wa mkunga mtu mzima, barakoa shingoni.

— Mzee, punguza sauti. Humu kuna wengine wanazaa.

— Amesaini?

— Anasaini. Na hiyo sindano uliyoshika, iweke mbali. Zetu zinatosha.

Mlango ulifungwa. Magurudumu ya kitanda yakasikika yakienda upande wa pili, kasi, na viatu vya watu wengi vikiyafuata. Soli alisikiliza viatu hivyo. Kwa kawaida angeweza kusema ni vya ngozi au vya mpira, na vimebakiza miezi mingapi. Safari hii hakujua chochote. Alikaa kwenye benchi la korido, mke wake upande wa kulia, na juu yao tangazo lile lile la getini, nakala ya pili, likiwaomba ushirikiano.

Katikati ya kungoja mke wake alimchukua ile sindano mkononi, akaichomeka kwenye pindo la khanga yake isije ikamdhuru, akaurudisha mkono wake palepale ulipokuwa mkono wa mumewe.

Kisha ikaja sauti. Haikuwa kilio cha kubembeleza. Ilikuwa kelele ya mtu aliyetolewa nyumbani bila barua ya kumtaarifu, akitaka kuonana na mkubwa wa zamu. Korido nzima iliisikia. Mfagiaji alisimamisha fagio lake akatabasamu.

— Wa kike, alisema mkunga alipotoka. Kilo tatu na robo, na mapafu ya mpiga debe. Mama yake mzima, anashonwa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Tungengoja kidogo tu...

Mke wa Soli alipiga kigelegele kilichovunja kanuni tatu za hospitali kwa mpigo. Soli alifuta uso kwa aproni, akajipaka gundi ya viatu shavuni.

— Dada mkunga, alisema alipopata pumzi. Nieleze jambo moja. Kwa nini siku hizi wamekuwa wengi hivi?

Mkunga alicheka kwa uchovu.

— Mzee, sababu ni nyingi. Wapo tunaowapasua mapema kuliko ilivyopasa, sikufichi. Watu wanaogopa lawama, wana haraka, zamu inaisha. Wapo wanaotuomba wenyewe, wanaogopa uchungu. Aliyepasuliwa mara ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi kumpasua tena. Na wapo ambao zamani wangefia njiani, au mtoto angefia tumboni, na leo wanafika. Ukimwona mmoja akitoka pale chini ameshika tumbo, huwezi kujua ni yupi. Mimi mwenyewe wakati mwingine sijui mpaka nisome faili.

Soli alivuka barabara kurudi kijiweni akitembea katikati kabisa, kama msafara wa mtu mmoja. Hakuhitaji kusema, gundi shavuni na meno yote nje vilitosha. Breki aliruka juu ya pikipiki akaenda nayo juu na chini ya mtaa akipiga honi, mpaka mlinzi wa getini, aliyekuwa bado anatafuta waraka, akatoka kuuliza kama kuna uchaguzi. Nakala Tatu alimkumbatia Soli, kisha akamwonyesha kiganja chake, alimokuwa amenakili kutoka daftarini: jina, saa, na kwenye sehemu ya sababu neno moja, "Babu."

— Nimeliandika kabla mtoto hajazaliwa, alisema. Ni kosa la kiutumishi. Sijutii.

Yule mwanamke wa sandali alikuwa bado ameketi, akinyonyesha. Soli alimshonea ukanda wake kwa nyuzi mbili, akamkatalia hata asante.

Jioni ile, Breki alileta chokaa kwenye kopo, wakaupaka ukuta. KISU ilikwenda, WENYEWE ikafuata. Nakala Tatu aliichana barua yake, nakala zote tatu, moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Chokaa kilipokauka, waliandika safu moja tu, kwa herufi kubwa: WAMETOKA. Na chini kabisa, kwenye pembe iliyo karibu na meza yake, Soli alichora kwa ncha ya sindano kistari kimoja kidogo, peke yake. Nakala Tatu alifungua mdomo ili aulize namba ya kumbukumbu. Bibi Birika akamwekea kikombe mkononi.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, binti alitoka mlango wa chini. Aliinama, kiganja tumboni, mama yake pembeni amembeba mjukuu. Alitembea polepole, na kijiwe kizima kilisimama, Breki na kofia yake mkononi, Nakala Tatu amefunga vifungo vyote, Bibi Birika ameinuka kwenye kigoda chake kwa mara ya kwanza wasikumbuke tangu lini. Walisimama hivyo mpaka alipowafikia, kama watu wanaopokea bendera.

Binti aliegemea meza ya baba yake, akautazama ukuta mweupe.

— Na mimi, baba? Mmeniandika upande gani?

— Hakuna pande tena, mwanangu, alisema Soli, akampa mkaa. Andika mwenyewe.

Alichora kistari kimoja. Akafikiri, akachora cha pili pembeni yake, kifupi kidogo, kilichopinda kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulia. Mke wa Soli hakuwa akitazama huko. Alikuwa ameona ile pembe ya chini. Alisogea na mjukuu mkononi, akainama kidogo, akapitisha kidole juu ya kile kistari cha sindano, kisha akakaa kwenye benchi ambalo hakuwahi kulikalia, karibu kabisa na mumewe.

— Nami nipeni kahawa, alisema.

Bibi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe. Yalitoka matone mawili. Alilitikisa, akalifunua, akawaonyesha wote ndani ya birika, kukavu.

— Mmeimaliza kwa kushangilia, alisema, na kwenda kuchota maji.